Kuchagua, kukausha na kuchoma kuni katika jiko kubwa la nje: mwongozo kwa wapishi wa Tanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaopika kwa moto mkubwa nje ya nyumba katika jiji la Tanga na maeneo yanayolizunguka: wakaanga samaki wanaochukua mzigo kwenye mialo ya Deep Sea na Sahare, mama lishe wanaoinjika maharage kabla ya adhana ya alfajiri, na wapishi wa shughuli wanaoitwa leo Ngamiani, kesho Pongwe, kupika pilau ya watu wengi. Jiko linalozungumziwa ni lile lililojengwa uani kwa matofali au udongo, lenye mdomo mmoja wa kutilia kuni, tundu la juu la kukalisha sufuria au karai, na pengine dohani fupi kwa nyuma. Mwenye mafiga matatu tu atapata humu mengi ya kumfaa, kwa kuwa mambo yanayopoteza kuni ni yale yale.

Ni haki kusema mapema kwamba nchi inaelekea kwingine. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekwisha kuagizwa kuachana na kuni na mkaa. Mwenye uwezo wa kuhamia kwenye gesi au umeme na ahamie. Lakini mkaanga samaki ambaye leo anategemea kuni anastahili kuelekezwa namna ya kutumia chache na kuvuta moshi kidogo hadi siku hiyo ifike, na kiasi anachoweza kupunguza ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kinachoungua ni nini

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya ukuni mkavu kabisa ina joto la takriban megajuli 18 hadi 19. Ukuni ulioanikwa hadi maji yake yakabaki asilimia 20 ya uzito wake hutoa kama megajuli 14 au 15 kwa kilo, na ukuni mbichi ambao nusu yake ni maji hutoa karibu 8 tu. Sababu ni kwamba maji hayo lazima yageuke mvuke kwanza kabla ukuni haujawaka sawasawa, na joto linalohitajika kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke lingetosha kuchemsha kiasi cha lita nane za maji ya kupikia. Ukiona povu linachuruzika mwisho wa ukuni huku ukilia ndani ya jiko, ujue moto wako unafanya kazi ya kukausha kuni badala ya kuivisha chakula.

Jambo la pili halionekani kwa urahisi, nalo ndilo linalofafanua karibu kila agizo lililomo katika mwongozo huu. Ukuni hauungui wote kama mkaa. Unapopata joto la nyuzi 200 hadi 300 huanza kutoa gesi, na kiasi cha robo tatu ya uzito wa ukuni mkavu hutoka kwa njia hiyo. Gesi hizo zikiwaka ndizo ndimi za moto tunazoziona, na kinachobaki baadaye ndiyo makaa mekundu. Ili gesi hizo ziungue zote zinahitaji hewa ya kutosha pamoja na joto kali, la nyuzi 600 na zaidi. Zikikosa kimojawapo, hutoka kama moshi, zikagandamana chini ya sufuria kuwa masizi, nyingine zikaingia machoni na mapafuni mwa mpishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa hiyo anayepunguza moshi hafanyi kazi mbili, ya kuokoa kuni na ya kulinda afya. Ni kazi moja.

Chagua mti

Kwa kilo, miti mikavu karibu yote inalingana. Kwa tita, hailingani hata kidogo. Tita la mti mzito lina kuni nyingi kwelikweli ndani yake, ilhali tita la mti mwepesi limejaa hewa, na mpishi atakuwa anachochea kila dakika. Kwa hiyo swali la mti gani ni bora lina uzito zaidi kwa yule anayenunua kwa tita au kwa mkokoteni kuliko kwa anayenunua kwa kilo.

Katika miti inayopatikana Tanga bila kuvunja sheria, mvinje unastahili kutajwa wa kwanza. Ni mzito, unatoa joto kali, una majivu machache, na ni miongoni mwa miti michache inayoungua vizuri hata kabla haijakauka kabisa. Tena hukua haraka kwenye mchanga wa pwani ambako miti mingi hushindwa, na mwenye kiwanja kikubwa kando ya bahari anaweza kuupanda kwa makusudi hayo. Mkwaju nao ni mti wa moto mkali na makaa ya kudumu, ingawa kuuchanja kunataka shoka kali na mkono wenye subira. Mwarobaini, mzambarau na mkaratusi ni kuni nzuri. Mjohoro ni mzito na unawaka vizuri, lakini una moshi, kwa hiyo uukaushe zaidi ya mingine. Mwembe na mkorosho ni kuni za wastani ambazo hupatikana kwa wingi watu wanapokata matawi au kung'oa miti iliyozeeka, na kwa upande wa Muheza ipo pia michungwa mikongwe, ambayo matawi yake yaliyokauka ni kuni safi kabisa zisizohitaji hata kuchanjwa. Muheza huko huko kuna shamba la serikali la misaji la Longuza, na mabanzi ya msaji yanayobaki kwenye mashine za kupasulia mbao yanafaa sana, mradi uyapate ya mti usiopakwa dawa wala rangi.

Mnazi unahitaji maelezo yake peke yake, kwa sababu ni mti mmoja wenye kuni za aina nyingi. Vifuu vikavu vinatoa moto mkali na ni bora kuliko matawi ya miti mingi. Makumbi huwaka polepole na kwa moshi, hivyo yatumie kukokea moto, yasiwe ndiyo kuni zenyewe. Makuti huwaka kwa kishindo na kuisha upesi. Gogo la mnazi ni gumu upande wa nje tu, na sehemu ya ndani ni laini inayoshika maji kwa muda mrefu, kwa hiyo usilinunue kwa bei ya kuni ngumu. Msufi na mbuyu usihangaike nayo. Ni miepesi, na mbuyu hasa umejaa maji. Milingoti mikavu ya mkonge, ile inayochipuka katikati ya mmea unapokaribia kufa, ni miepesi vilevile, lakini ikivunjwavunjwa ni vianzio vizuri vya moto.

Sasa mikoko. Kila mtu wa pwani anajua kwamba mkandaa na mkoko huwaka kwa moto mkali na kudumu, na ndiyo maana bado huuzwa kwa kificho. Misitu ya mikoko nchini ni hifadhi, na kukata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mkaanga samaki ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kununua kuni hizo, kwa sababu katikati ya mizizi ya mikoko ndimo wanamokulia kamba na samaki wengi wakiwa wadogo. Kila tita la mkandaa linalokaangia samaki leo linapunguza samaki wa kukaangwa kesho. Ninaliandika hili kwa uchungu, maana mvinje unatoa moto usiopungua wa mkoko, nao tunaweza kuupanda wenyewe.

Vipo pia vitu ambavyo havipaswi kuingia jikoni kabisa. Mbao za mashua chakavu zina rangi na lami. Magogo yaliyotupwa na bahari yameshiba chumvi, ambayo ikiungua hutoa gesi zinazokula chuma cha jiko na kudhuru anayezivuta. Nguzo na mbao zilizotiwa dawa, hasa zile zenye rangi ya kijanikijani, zinaweza kuacha sumu ya aseniki ndani ya majivu. Maganda ya korosho yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake unawasha koo na macho. Mnyaa, ule wa uzio wenye utomvu mweupe, ni hatari kwa macho tangu unapoukata. Plastiki ya kuwashia moto, ambayo bado naiona kwenye majiko mengi licha ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwaka 2019, haina nafasi yoyote karibu na chakula cha watu.

Nunua kwa macho, masikio na mizani

Usimuulize muuzaji kama kuni ni kavu, kwa sababu jibu lake unalijua. Muulize, "Kaka, miti hii imeangushwa mwezi gani, na imechanjwa lini?" Kisha tazama mwenyewe. Ukuni mkavu una nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni kwenye ncha zake, gome lake linabanduka kwa kidole, na rangi ya ndani imefifia. Chukua vipande viwili ugonganishe: vikavu hutoa mlio wa wazi, vibichi hutoa mlio mzito uliofifia. Chanja kimoja katikati na uweke upande wa ndani shavuni. Ubaridi wa unyevu utausikia mara moja. Usidanganywe na ukavu wa nje, kwa sababu gogo lililokaa juani wiki mbili linaweza kuwa kavu kwa gome na bado limelowa kwenye moyo.

Bei ya kilo inampendelea muuzaji wa kuni mbichi. Ukinunua kwa mizani, nunua kuni kavu tu, au ukubali mbichi kwa punguzo kubwa linalolingana na maji utakayobeba. Ukinunua kwa tita au kwa kirikuu, hesabu ni kinyume chake: tafuta mti mzito, angalia kuni zimepangwa kwa kubanana au zimeachiwa mianya, na ubichi usikukatishe tamaa mradi unayo nafasi ya kuzianika na hauzihitaji wiki hii. Kwa mzigo mkubwa, dai risiti na hakikisha msafirishaji ana kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mzigo ukikamatwa barabarani, fedha uliyotanguliza haitarudi kwa urahisi.

Chanja, kisha anika

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pengine pote, na ndipo watu wanapopuuza kwa sababu kazi yake haionekani siku ya kupika. Maji ndani ya mti husafiri kwa wepesi kufuata nyuzi zake, na kwa taabu sana kukatisha nyuzi hizo. Gome nalo ni kizuizi kilichoumbwa kuzuia maji yasitoke. Kwa hiyo gogo refu lisilochanjwa linaweza kukaa mwaka mzima bila kukauka ndani, ilhali mti ule ule ukikatwa vipande vya sentimita 40 au 50 na kuchanjwa, utakauka kwa miezi michache tu. Katika jua la Tanga, vipande vyenye unene wa kifundo cha mkono huwa tayari baada ya miezi miwili hadi minne, kutegemea mti na majira. Chanja mti ungali mbichi, hasa mkaratusi na mvinje, kwa kuwa ikishakauka inakuwa migumu mno kwa shoka.

Unene wa kifundo cha mkono, yaani sentimita 4 hadi 6, ndio unaofaa majiko mengi ya aina hii. Vipande vinene zaidi huwaka kwa moshi kwa sababu ni uso mdogo tu unaopata moto wakati moyo wake bado baridi. Vyembamba sana navyo, vikiwa vikavu mno na vikitiwa vingi kwa pamoja, hutoa gesi nyingi kuliko hewa inayoweza kuingia, ndipo unapoona moshi mweusi mzito ingawa kuni ni kavu.

Panga kuni juu ya matofali au magogo mawili, ziinuke angalau sentimita 15 kutoka ardhini, maana ardhi ya pwani hutoa unyevu hata wakati wa kiangazi na mchwa hawana likizo. Funika juu kwa bati lililozidi kidogo kila upande, lakini pande zote ziache wazi. Kuni zilizovungwa turubai hadi chini hutoa jasho na kuota ukungu. Upande mpana wa rundo uelekee upepo. Kati ya Desemba na Machi kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, nayo Januari na Februari ndiyo miezi mizuri kabisa ya kukausha, kwa hiyo mwenye busara hununua mzigo wake mkubwa mara mvua za vuli zinapokwisha, akauchanja upesi, ukawa tayari kabla masika hayajaingia mwezi Machi. Wakati wa masika kuni kavu huadimika na bei hupanda, na hapo ndipo wasiojiandaa wanaponunua maji.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi kwa mtu wa samaki, kwa sababu mizani ya kuning'iniza tayari anayo. Chagua vipande vitatu kutoka katikati ya rundo, vitie alama kwa mkaa, vipime, na uandike uzito wa kila kimoja ukutani au kwenye daftari. Vipime tena kila wiki. Kipande kilichokuwa na kilo 4 kikiwa kibichi, nusu yake ikiwa maji, kitakuwa na kilo 2.5 kikifikia asilimia 20. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili mfululizo bila mvua, kuni zako zimefika mahali ambapo hewa ya hapa inaziruhusu kufika; kwa unyevu wa pwani hazitashuka sana chini ya asilimia 15 hata uzisubiri mwaka. Kuni za kesho zihamishie leo karibu na jiko, kando ya ukuta unaopata joto, ila zisiwe karibu kiasi cha kushika moto usiku.

Tayarisha jiko lenyewe

Moto wa mafiga ulioachwa wazi kwenye upepo hufikisha kwenye sufuria takriban asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la kuni. Linalobaki linapotea pembeni. Jiko la matofali linaweza kufanya vizuri zaidi, lakini si kwa sababu limejengwa tu.

Kuni zisilale sakafuni. Weka wavu wa nondo ulioinuka kiasi cha sentimita 10, ili hewa iingie chini ya moto na majivu yaanguke. Mdomo wa jiko ugawanyike juu na chini: kuni zipite juu ya wavu, hewa ipite chini yake, na sehemu hiyo ya chini usiizibe kwa kuni wala kwa majivu. Marekebisho haya ni ya gharama ndogo sana, nami nayaweka mbele ya dohani na mbele ya kila kitu kingine.

Kati ya sufuria na ukuta wa jiko acha mwanya wa sentimita 1 hadi 2 kuizunguka, ili moto ulambe ubavu wa sufuria kabla ya kutoka. Ukiwa mpana zaidi, joto linakimbia bila kugusa kitu. Ukiwa mwembamba zaidi, moto unakosa pumzi na kurudi mdomoni. Sufuria inayotofautiana sana na tundu la jiko iwekewe pete ya bati nene. Kati ya wavu na kitako cha sufuria iwepo nafasi ya shubiri moja hivi. Watu wengi hushusha sufuria karibu mno wakidhani wanaokoa joto, kumbe kitako baridi kinazima ndimi za moto kabla gesi hazijamaliza kuungua, na masizi ndiyo ushahidi.

Upepo nao utazamwe kwa majira. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki kuanzia Aprili hadi kama Oktoba, na kaskazi huchukua zamu yake baadaye, kwa hiyo jiko ambalo mdomo wake unaelekea kaskazini mashariki litakuwa tulivu katikati ya mwaka na kusumbua kuanzia Desemba. Mdomo usikabiliane na upepo mkali moja kwa moja, kwa sababu upepo unaosukuma moto hutoa ndimi upande wa pili na kuipoza sufuria. Jenga kizuizi cha matofali au bati upande unaotoka upepo, kiasi cha hatua mbili kutoka jikoni, na uweze kukihamisha majira yanapobadilika. Mpishi asimame joshini, upande unaotoka upepo, moshi umpe kisogo.

Koka moto na uchochee

Ondoa majivu ya jana yaliyo chini ya wavu. Anza na nyuzi za makumbi makavu zilizochambuliwa, juu yake vijiti vya unene wa kidole vilivyopishana ili hewa ipite, kisha vifuu vichache vilivyovunjwa. Washa kutoka upande wa mdomo. Mafuta ya taa si ya lazima kwa mwenye vianzio vikavu, na kuyamwaga juu ya makaa yaliyobaki na joto kumeunguza nyuso za watu wengi. Petroli isikaribie jiko kwa hali yoyote. Dakika kumi za mwanzo ndizo zenye moshi mwingi, kwa kuwa kuta za jiko bado baridi, kwa hiyo zifupishe kwa kutumia vijiti vidogo na vikavu kuliko vyote ulivyo navyo, na usiingize kuni za kifundo cha mkono mpaka ndimi zisimame imara zenyewe.

Baada ya hapo kanuni ni ncha. Ingiza vipande vitatu au vinne, vielekee katikati kwa ncha zake, vikiwa na nafasi ya kidole kati ya kimoja na kingine, na ziungue ncha tu. Zikipungua, sogeza mbele kidogo. Ukuni mmoja peke yake huzima, kwa sababu ukuni unahitaji joto la mwenzake. Kuni kumi kwa pamoja hujifukiza. Kuchochea kidogo kidogo mara kwa mara kunachosha, na mpishi mwenye makarai mawili atashawishika kujaza jiko na kuondoka, lakini kujaza huko ndiko kunakomaliza rundo la wiki kwa siku tatu.

Jifunze kuusoma moto. Ndimi za manjano zilizo angavu, zisizo na ncha nyeusi, na hewa inayotetemeka juu ya jiko bila moshi wa kuonekana, ni dalili ya moto unaofanya kazi yake. Moshi mweupe mzito unaotoka kuni zikiwa hazina ndimi ni mvuke na gesi ambazo hazikupata joto: ongeza vijiti vikavu na uzisogeze ncha zikaribiane. Moshi mweusi wenye ndimi nyekundu za giza unaonyesha hewa imepungua: toa ukuni mmoja, safisha chini ya wavu. Ndimi zinazopanda ubavuni hadi kupita ukingo wa sufuria ni kuni zinazopasha anga joto. Rudisha ukuni mmoja nyuma. Kupuliza kwa kipepeo kunasaidia wakati wa kukoka, lakini jiko linalohitaji kupepewa muda wote lina kuni mbichi au limezibwa.

Wakati wa kupika

Maji yanayochemka hayapati joto zaidi kwa kuongezewa moto. Hubaki kwenye nyuzi 100, na kinachoongezeka ni mvuke tu. Kwa hiyo sufuria ya maharage au makande ikishachemka, vuta nje kuni hadi zibaki mbili, funika kwa kifuniko kinachobana na uweke jiwe juu yake. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi, na kuloweka hakugharimu ukuni hata mmoja. Pilau ikishakauka maji, toa kuni zote, iache kwenye makaa, na yale machache mengine uyaweke juu ya kifuniko.

Kukaanga kunataka jambo jingine, nalo ni moto usioyumba. Mafuta ya kukaangia hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 170 na 190. Yakipoa samaki hunywa mafuta, na yakizidi yanatoa moshi na kuharibika upesi, hivyo moto mbaya unakula kuni na mafuta kwa pamoja. Tumia kuni za unene mmoja, na ukitia samaki baridi sogeza ncha mbele kabla hujawatia, si baada. Acha nafasi ya kutosha ndani ya karai, mafuta yasivuke nusu ya kina chake. Yakishika moto usimwage maji kamwe. Toa kuni, funika karai kwa bati lililo tayari pembeni, na uliache lipoe likiwa limefunikwa. Bati hilo na ndoo ya mchanga viwepo kila siku kabla ya kuwasha, na watoto wasipite kati ya mpishi na jiko.

Kuzima na kuandaa kesho

Dakika kadhaa kabla ya kumaliza, acha kuchochea na upikie makaa. Vijinga vinavyobaki usivimwagie maji, kwa sababu maji yanapasua matofali yenye joto na kulowesha kuni ulizokausha kwa miezi. Vifukie kwenye mchanga mkavu, uvikung'ute asubuhi, navyo vitawaka haraka kuliko kitu kingine chochote. Makaa mazima yakusanye kwa koleo, uyatie kwenye debe la chuma lenye kifuniko kinachobana, yazimike kwa kukosa hewa, nawe utakuwa umepata mkaa wa kuchemshia chai. Debe hilo libaki nje usiku kucha. Makaa yanayofifia hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu waliolala nayo ndani ya chumba kilichofungwa.

Majivu ya kuni safi yaliyopoa kabisa yanafaa kunyunyizwa bustanini kwa kiasi. Kwangua masizi yaliyo chini ya sufuria kila unapomaliza kupika, kwani tabaka nene linazuia joto lisiingie, na mara moja kwa wiki pitisha fimbo yenye kitambaa ndani ya dohani. Ziba nyufa za jiko kwa udongo uliochanganywa na majivu kabla hazijapanuka, na uache jiko likauke siku nzima kabla ya kuliwasha tena.